Shule Iliyojengwa kwa Pai: Historia ya Chuo Kikuu cha Bethune-Cookman na Mwalimu Aliyekianzisha

Chimbuko, 1875–1904

Chuo Kikuu cha Bethune-Cookman, kilichopo Daytona Beach katika jimbo la Florida, Marekani, kilifungua milango yake tarehe 3 Oktoba 1904 kikiwa shule ya wasichana watano ndani ya nyumba ya kupanga. Mwanzilishi wake, Mary McLeod Bethune, alikuwa mwalimu kwa wito na mfanyabiashara kwa lazima. Historia ya chuo haieleweki mtu akiiangalia kazi moja kati ya hizo mbili na kuiacha nyingine. Aliyeshika chaki mchana ndiye aliyeoka usiku, na kilichouzwa ndicho kilicholipa kodi ya nyumba.

Alizaliwa Mary Jane McLeod tarehe 10 Julai 1875 karibu na Mayesville, South Carolina, mtoto wa 15 kati ya 17 wa Samuel na Patsy McLeod. Wazazi wake na ndugu zake wakubwa walikuwa wamezaliwa utumwani. Baada ya uhuru wa 1865 familia ilijinunulia kipande cha ardhi ikalima pamba, huku mama akiendelea kufanya kazi kwa wale waliokuwa wakimmiliki. Shule ya misheni ya Wapresbiteri ilipofunguliwa Mayesville kwa ajili ya watoto weusi, chini ya mwalimu Emma Wilson, nyumba ile iliweza kutoa mtoto mmoja tu shambani. Akatolewa Mary. Alikwenda kwa miguu asubuhi, na jioni akawafundisha nduguze yale aliyojifunza.

Faida ya kwanza ya elimu yake ilionekana kwenye mizani. Mkulima asiyejua hesabu alikuwa akipeleka pamba yake na kupokea bei yoyote aliyotajiwa. Binti McLeod alipoanza kusoma uzito na kupiga hesabu, majirani walimjia awahesabie na wao. Hapo ndipo ulipo mzizi wa imani aliyoishi nayo hadi uzeeni, kwamba kusoma bila kujua kujitafutia riziki ni nusu ya elimu, na kufanya biashara bila kujua kusoma ni kujitoa mhanga kwa wajanja.

Msaada wa kumwendeleza ulitoka kwa fundi wa kushona nguo. Mary Crissman, mwanamke wa Denver, Colorado, ambaye hakuwa tajiri hata kidogo, alitenga sehemu ya kipato chake kumsomesha mtoto mmoja mweusi, na walimu wakamchagua Mary. Mwaka 1888 akaingia Seminari ya Scotia huko Concord, North Carolina, akahitimu 1894, kisha akasoma mwaka mmoja katika chuo cha Biblia cha Dwight Moody, Chicago. Nia yake ilikuwa kuja Afrika kuwa mmisionari. Bodi ya misheni ikamjibu kwamba haikuwa na nafasi Afrika kwa wamisionari weusi. Jibu hilo lilimuumiza kuliko jambo lolote la ujana wake, naye alilitaja hivyo mwenyewe; lakini ndilo lililomrudisha kusini mwa Marekani, kwa watoto waliokuwa na kiu ileile aliyokuwa nayo yeye.

Alifundisha kwanza Augusta, Georgia, katika Taasisi ya Haines iliyoanzishwa na Lucy Craft Laney, mwanamke aliyezaliwa na wazazi waliotoka utumwani na kujenga shule kubwa kwa michango ya watu wa kawaida. Kwa Laney alijifunza jinsi shule inavyoendeshwa. Akahamia Sumter, South Carolina, akaolewa na mwalimu mwenzake, Albertus Bethune, mwaka 1898, na mwaka uliofuata wakamzaa mtoto wao wa pekee, Albert. Familia ilihamia Palatka, Florida, ambako aliendesha shule ndogo ya misheni na, kwa kuwa mapato yake hayakutosha, akawa wakala wa bima ya maisha, akipita nyumba kwa nyumba.

Dola moja na nusu, 1904–1907

Sababu ya kwenda Daytona ilikuwa reli. Kampuni ya Henry Flagler ilikuwa ikijenga Reli ya Pwani ya Mashariki ya Florida na hoteli za matajiri kandokando yake. Vibarua weusi walimiminika wakiwa na familia zao, na watoto walikulia kwenye kambi pasipo shule. Bethune alifika akiwa na mwanawe mdogo na, kwa maelezo yake, dola 1.50 mkononi. Alipanga nyumba kwa dola 11 kwa mwezi, fedha ambazo hakuwa nazo, akamwomba mwenye nyumba amwamini hadi mwisho wa mwezi.

Wasichana watano walioandikishwa siku ya kwanza walikuwa wa umri kati ya miaka 6 na 12, na Albert akawa wa sita darasani. Jina la shule lilikuwa refu kuliko orodha ya wanafunzi: Shule ya Elimu na Mafunzo ya Kazi ya Daytona kwa Wasichana Weusi. Makasha ya mizigo yalikuwa meza na viti. Kalamu zilikuwa vijiti vilivyochomwa vikawa mkaa, na wino ulitoka kwenye matunda pori yaliyopondwa. Mwalimu mkuu alipita nyuma ya hoteli na kwenye jalala la mji akiokota mashuka yaliyotupwa, sahani zenye ufa, viti vilivyovunjika na vipande vya mbao. Vyote vilifuliwa, vikasuguliwa, vikatengenezwa. Walipokuja wanafunzi wa bweni, magodoro yalikuwa magunia ya mahindi yaliyojazwa mimea inayoning'inia mitini, iliyochumwa na kukaushwa.

Jambo hili lilikuwa somo pia. Kila kilichookotwa kilirekebishwa mbele ya wanafunzi na kwa mikono yao, na ratiba iliweka kushona, kupika na bustani sambamba na kusoma, hesabu na Biblia. Wakosoaji wa baadaye waliona elimu ya kazi za mikono kuwa ya kumdumisha mtu mweusi jikoni. Hoja hiyo ina uzito, na Bethune mwenyewe hakuipuuza: alipoweza kuajiri, alimleta kutoka New York Frances Reynolds Keyser, msomi, aongoze masomo ya darasani. Lakini mwaka 1904, mkate ndio uliotangulia.

Biashara iliyoibeba shule ni ile ambayo Afrika Mashariki ingeitwa ya mama lishe. Bethune na wasichana wake walioka pai za viazi vitamu, wakatengeneza aiskrimu, wakakaanga samaki, wakawapelekea wajenzi kwenye maeneo ya kazi. Mteja alikuwa kibarua mwenye njaa na mshahara mdogo. Bei ilikuwa ya senti. Faida ilikuwa ndogo lakini ya kila siku. Soko hilo lilifanya kazi nyingine ambayo fedha peke yake isingefanya: mzazi aliyenunua pai alikuwa mtu wa kwanza kusikia kwamba kuna mahali pa kumpeleka mwanawe. Baada ya muda usiozidi miaka miwili, kwa kumbukumbu zake, wanafunzi walikuwa wamefika 250, na nyumba ya kupanga haikutosha tena.

Kiwanja kilichopatikana kilikuwa jalala, mahali penye majimaji palipoitwa na wenyeji Shimo la Jehanamu. Mwenye kiwanja alitaka dola 250. Bethune aliomba atoe dola 5 kama kianzio na zilizobaki alipe ndani ya miaka miwili. Mtu yule akakubali, bila kujua kwamba hata hizo 5 hazikuwepo. Siku chache zilizofuata zilikuwa za aiskrimu na pai. Alirudi na kianzio chote kikiwa sarafu ndogo ndogo, zimefungwa kwenye leso.

Jengo la kwanza, lenye ghorofa nne, liliitwa Ukumbi wa Imani. Lilijengwa kidogo kidogo kadiri fedha zilivyopatikana. Mafundi walilipwa walipoweza kulipwa, na wengine walijitolea jioni baada ya kazi zao kwa mlo na masomo ya watoto wao. Shule ilihamia humo mwaka 1907, ndani kukiwa bado hakujakamilika. Mlangoni yaliandikwa maneno ambayo bado ni kaulimbiu ya chuo, yanayomwita mtu aingie kujifunza na atoke kutumikia.

Wafadhili, hospitali na kura, 1907–1923

Daytona ya msimu wa baridi ilijaa matajiri kutoka kaskazini. Bethune aliwafuata kama alivyowafuata vibarua: kwaya ya wasichana iliimba hotelini, mboga za shamba la shule ziliuzwa kwenye nyumba za wageni, na barua za maombi ziliandikwa bila kuchoka. Mmoja aliyeitika alikuwa James Gamble, wa kampuni ya sabuni ya Procter & Gamble. Alipofika kuiona shule aliyoombwa kuidhamini, alikuta kibanda na jalala, akauliza shule iko wapi. Akajibiwa kwamba bado iko akilini na rohoni mwa mwenye kuijenga. Alikubali, akaongoza bodi ya wadhamini kwa miaka mingi.

Mwingine alikuwa Thomas White wa Cleveland, mtengenezaji wa cherehani. Alikuta wasichana wakishona kwa mashine mbovu ya kampuni shindani, akarudi na mpya, kisha akagharimia ujenzi na ukarabati. Alipofariki 1914 wosia wake uliiachia shule mfuko wa amana, na Ukumbi wa White uliofunguliwa 1916 ukachukua jina lake. Ikumbukwe mpangilio wa mambo: wafadhili wakubwa waliikuta shule ikiwa tayari inasimama kwa mauzo yake. Mwombaji aliyekuja kwao alikuwa na daftari la hesabu mkononi, na hilo liliwapa imani ya kutoa.

Hospitali ilizaliwa kwa uchungu. Mwanafunzi mmoja aliugua kidole tumbo, ikawa lazima afanyiwe upasuaji usiku uleule. Hospitali ya mji ilikuwa ya wazungu. Baada ya kusihiwa ilikubali kumpokea, lakini Bethune alipokwenda kumjulia hali alimkuta amelazwa kwenye baraza ya nyuma, karibu na jiko. Mwaka 1911 shule ilifungua Hospitali ya McLeod, iliyobeba jina la familia ya mwanzilishi. Ilianza na vitanda 2, ikafikia 20, ikafundisha wauguzi na kuwahudumia weusi wa mji mzima, kwa kuwa hawakuwa na pengine pa kwenda. Homa ya mafua ya 1918 ilipoingia Daytona, kumbi za shule ziligeuzwa wodi. Baadaye mji wenyewe ulichukua jukumu hilo.

Huduma nyingine zilienea nje ya uzio. Walimu na wanafunzi walikwenda kwenye kambi za wagema utomvu wa misonobari, ambako familia ziliishi karibu na utumwa, wakaanzisha madarasa. Jumapili mchana kulikuwa na mikutano ya wazi ambapo weusi na wazungu waliketi bila kutengwa, jambo lililokuwa la hatari kusini mwa nchi wakati ule.

Hatari yenyewe ilifika mlangoni. Wanawake walipopata haki ya kura mwaka 1920, Bethune aliendesha madarasa ya kusoma usiku na kuchangisha kodi ya kura, ili wapigakura weusi wasikwamishwe na mitihani na malipo yaliyobuniwa kuwazuia. Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1920 kundi la Ku Klux Klan liliandamana hadi uwanja wa shule usiku wa kuamkia uchaguzi, wakiwa na majoho meupe. Mwalimu mkuu aliwasubiri nje. Hawakuchoma kitu, na asubuhi yake aliongoza safu ya wapigakura hadi kituoni.

Muungano na kupanda ngazi, 1923–1942

Kufikia 1923 shule ilikuwa kubwa kuliko mfuko wake. Katika mji wa Jacksonville kulikuwa na Taasisi ya Cookman, iliyoanzishwa na Wamethodisti mwaka 1872, kongwe kuliko shule zote za weusi za ngazi yake katika Florida. Miongoni mwa waliosoma huko ni kiongozi wa wafanyakazi A. Philip Randolph. Taasisi hiyo ilipokea wavulana na wasichana, na kanisa lilikuwa likitafuta namna ya kuiimarisha. Shule mbili ziliunganishwa Daytona, Bethune akawa mkuu wake, na kanisa likawa mlezi. Bei ya uamuzi huo ilikuwa kupoteza shule ya wasichana pekee aliyoiota. Alichopata ni msingi wa fedha usiotegemea afya ya mtu mmoja na jiko lake.

Mwaka 1931 taasisi ilipata ithibati ya chuo cha miaka miwili na kuchukua jina la Chuo cha Bethune-Cookman. Muongo uliofuata ulikuwa mgumu, kwa kuwa mdororo wa uchumi ulikausha mifuko ya wafadhili, na James Gamble alifariki 1932. Mwaka 1941 jimbo la Florida liliidhinisha programu ya miaka minne, na 1943 wakahitimu wa kwanza wa shahada, walimu wa shule za msingi. Ndiyo kazi iliyokuwa chimbuko la yote.

Katika miaka hiyo mwanzilishi alikuwa pia mtu wa taifa. Aliongoza chama cha taifa cha klabu za wanawake weusi kuanzia 1924 hadi 1928, akaanzisha Baraza la Taifa la Wanawake Weusi Desemba 1935, na kuanzia 1936 akasimamia masuala ya weusi katika Shirika la Taifa la Vijana chini ya serikali ya Franklin Roosevelt. Urafiki wake na Eleanor Roosevelt, mke wa rais huyo, uliileta Ikulu hadi Daytona. Alikuwa mbali na chuo kwa muda mrefu, afya ikidhoofu, na mwaka 1942 akaachia urais wa chuo.

Bima na ufukwe

Upande wa biashara haukufa alipopata cheo. Mwaka 1922 alikuwa miongoni mwa waliowekeza katika kampuni ya bima ya Central Life iliyoanzishwa Tampa na wafanyabiashara weusi, kwa sababu kampuni za wazungu ziliwanyima weusi bima au kuwatoza zaidi. Mwaka 1952, wakala wa zamani wa Palatka akawa rais wa kampuni hiyo.

Katikati ya miaka ya 1940 alishirikiana na wenzake wenye mitaji kununua zaidi ya maili mbili za ufukwe kusini ya Daytona. Weusi walikuwa wakizuiwa kwenye fukwe za mji, hata wanafunzi wa chuo hawakuweza kuoga kwenye bahari waliyoisikia usiku. Viwanja viliuzwa kwa familia nyeusi, wageni wakapata mahali pa kulala, na wanafunzi wakapata bahari. Mahali hapo paliitwa Bethune-Volusia. Kila biashara aliyoigusa ilianzia kwenye mlango uliofungwa, na hilo ndilo linaloifanya iwe sehemu ya historia ya chuo.

Uongozi baada ya mwanzilishi, 1942–2004

James Colston aliongoza kuanzia 1942 hadi 1946, kipindi ambacho chuo kilishiriki kuanzisha Mfuko wa Pamoja wa Vyuo vya Weusi mwaka 1944. Bethune alirudi kwa mwaka mmoja, kisha Richard V. Moore akashika usukani mwaka 1947 na kuushikilia kwa miaka 28. Chini yake chuo kilijengwa upya kwa majengo ya kudumu na kuongezeka wanafunzi.

Mwanzilishi alifariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 18 Mei 1955 nyumbani kwake, ndani ya eneo la chuo, akazikwa hapohapo. Wosia wake wa kimaadili, alioandika akijua siku zimekaribia, ulichapishwa mwaka huohuo katika jarida la Ebony. Nyumba yake iliwekwa katika orodha ya alama za kihistoria za taifa mwaka 1974.

Mchungaji Oswald Bronson, mhitimu wa chuo chenyewe, aliongoza kuanzia 1975 hadi 2004. Marais wawili kwa zaidi ya nusu karne ni uthabiti ambao vyuo vingi vya ukubwa huo havikuupata.

Chuo kikuu, tangu 2004

Trudie Kibbe Reed alipoingia 2004 alikuwa mwanamke wa kwanza kushika urais tangu mwanzilishi. Shahada ya uzamili iliongezwa, na tarehe 14 Februari 2007 taasisi ikatangazwa chuo kikuu. Miaka iliyofuata ilileta madeni na mabadiliko ya haraka ya uongozi; mwaka 2018 chombo cha ithibati kilikiweka chuo chini ya uangalizi, na uangalizi huo ukaondolewa 2020.

Tarehe 13 Julai 2022 sanamu ya marumaru ya Bethune, kazi ya mchongaji Nilda Comas, ilizinduliwa katika Ukumbi wa Sanamu wa Bunge la Marekani ikiwakilisha Florida, na kuchukua nafasi ya sanamu ya jenerali wa jeshi lililopigania utumwa. Ni Mmarekani mweusi wa kwanza kuwekwa na jimbo katika mkusanyiko huo.

Matukio makuu

| Mwaka | Tukio |
|---|---|
| 1872 | Taasisi ya Cookman yaanzishwa Jacksonville |
| 1904 | Shule ya wasichana yafunguliwa Daytona, 3 Oktoba |
| 1907 | Kuhamia Ukumbi wa Imani |
| 1911 | Hospitali ya McLeod yafunguliwa |
| 1916 | Ukumbi wa White wafunguliwa |
| 1923 | Muungano na Taasisi ya Cookman |
| 1931 | Ithibati ya chuo cha miaka miwili; jina la Bethune-Cookman |
| 1941 | Idhini ya programu ya miaka minne |
| 1942 | Mwanzilishi aachia urais. James Colston aingia |
| 1943 | Wahitimu wa kwanza wa shahada |
| 1947 | Richard V. Moore awa rais |
| 1955 | Mwanzilishi afariki, 18 Mei |
| 1975 | Oswald Bronson awa rais |
| 2004 | Trudie Kibbe Reed awa rais |
| 2007 | Hadhi ya chuo kikuu, 14 Februari |
| 2022 | Sanamu ya mwanzilishi yazinduliwa Washington |